Mkono mzito wa vanishi hauondoi mabaka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua nijibu ushauri mlioutoa wiki mbili zilizopita katika safu ya mambo ya nyumbani. Msomaji aliuliza afanye nini na mbao za meza yake. Amezipiga vanishi angavu, zimetoka na mabaka: hapa pamekolea, pale pamepauka, na huku kwenye ncha pana weusi kama pamelowa. Akajibiwa kwa sentensi moja kwamba apige mkono mwingine, yaani aupake ubao mzima mara nyingine, mzito kidogo, na mabaka yatafunikwa.

Hayafunikwi. Naandika barua hii kwa sababu nimeyaona matokeo ya ushauri ule kwa macho yangu.

Mimi siungi samani. Wenzangu wakishamaliza kukata, kuranda na kuunga, kazi huletwa kwangu nami huipiga msasa na vanishi mpaka iwe tayari kwenda kwa mwenyewe. Nina miaka 26 katika kazi hii, na niliianza nikiwa msichana wa kuosha brashi na kuchuja vanishi kwa soksi kuukuu ya nailoni. Tangu safu ile itoke nimeletewa vitu vitatu nivinusuru: mlango wa kabati, rafu mbili, na uso wa meza wenye urefu wa mita 2 na sentimita 40. Wenye vitu hivyo si wazembe. Walisoma, wakaamini, wakafanya walivyoambiwa. Uso wa meza uliletwa siku ya 9 baada ya kupakwa, na nilipoubonyeza kwa kidole gumba alama ilibaki. Juu palikuwa na ngozi, chini bado majimaji.

Sababu yake haina uchawi. Vanishi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Thina ikishapaa, kinachobaki huchukua oksijeni ya hewani na kugandamana kidogo kidogo, kuanzia juu kwenda chini. Mkono ukiwa mwembamba, hewa hufika mpaka ndani na vanishi yote huwa ngumu kwa pamoja. Ukiwa mzito, juu hufunga kabla ya chini kupata hewa. Ngozi ile ya juu inaendelea kutanuka, haina pa kwenda, basi inakunjamana kama ngozi ya vidole vilivyokaa sana majini. Mabaka yako palepale, na sasa yamepata mikunjo juu yake.

Mabaka mengi hayamo kwenye vanishi, Mhariri. Yamo kwenye ubao. Rangi ya kawaida ina unga ndani yake unaozuia jicho lisione kilicho chini, ndiyo maana mtu anaweza kupaka juu ya doa na doa likapotea. Vanishi angavu haina unga huo. Mwanga huipenya, hugonga ubao, hurudi machoni ukiwa umebeba kila kitu ulichokikuta huko. Ukiongeza mkono wa pili na wa tatu umeongeza kioo juu ya picha ileile. Anayetaka mbao zake zitoke sawasawa ashughulikie jinsi ubao unavyoinywa vanishi, na ashughulikie hilo kabla hajafungua kopo.

Nianze na gundi, maana ndiyo iliyonifunza kwa uchungu. Mwaka wangu wa nne nilipewa kichwa cha kitanda cha mbao pana tano zilizoungwa ubavu kwa ubavu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemsaidia fundi kushika wakati anakaza vibano. Nikapiga msasa, nikafuta vumbi, jioni nikapiga mkono wa kwanza, nikaenda kulala nimeridhika. Asubuhi nilikuta alama nne zilizopauka katikati ya ubao wa tatu, zimepangana. Vilikuwa vidole. Niliweka mkono wangu wa kushoto juu yake, ukalingana. Hata mikunjo ya vifundo vya vidole ilionekana. Siku ile ya kuunga nilikuwa nimeegemea pale mkono una gundi, na gundi nyeupe ya mbao ikikauka hugeuka kuwa kama kioo, huioni. Ilikuwa imeziba vinyweleo vya ubao. Vanishi ilipofika pale ilikosa pa kuingia. Nilichukua bati la kukwangua, nikakwangua ubao mzima tangu asubuhi hadi jioni, nikaanza upya na msasa namba 120.

Tangu siku hiyo sipigi vanishi kabla ya kuufuta ubao mzima kwa kitambaa chenye tapentaini. Unaushika ubao uelekee dirisha au taa, unainamisha kichwa mpaka jicho lako liwe karibu sawa na uso wake. Ubao wote unakolea kwa muda kama umeshapakwa. Penye gundi panabaki peupe. Palepale unapaona, unazungushia kalamu ya risasi, tapentaini ikishapaa unarudi na patasi na msasa. Kitambaa hicho hicho kinakuonyesha na mikwaruzo, na sehemu randa ilipoutafuna ubao, na kila doa la mafuta ya mikono. Ni dakika kumi tu. Na wanaounga, nawaomba gundi inayochuruzika pembeni ya kiungo msiifute kwa kitambaa cha maji. Maji huiyeyusha na kuieneza mpaka mahali ambapo haikuwepo. Iacheni igande kidogo, iwe kama mpira, kisha iondoeni kwa patasi. Inatoka kama kamba.

La pili ni msasa, na hapa ndipo nadhani kazi nyingi huharibikia. Watu huchukua msasa wa namba 80 kwa kuwa ubao una makovu ya randa, kisha wakaruka moja kwa moja hadi 220 kwa kuwa wanataka ulaini. Mkono unapita, unahisi laini, unadanganyika. Kazi ya kila namba ni kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Namba 220 haina nguvu ya kufuta mabonde yaliyochimbwa na 80. Inasugua vilele tu. Vanishi ikiingia kwenye mabonde yale hukolea, na mistari yote unayoifahamu na usiyoifahamu inajitokeza. Mimi natoka 80, naenda 120, kisha 150 au 180, ndipo 220. Kila ninapobadili namba nachora mistari myepesi ya kalamu ya risasi kuukata ubao kwa upana, kila baada ya kiganja kimoja, kisha napiga msasa mpaka mistari yote iondoke. Mahali mstari ulipobaki ndipo mkono wangu haukufika. Bila mistari ile mtu husugua katikati mara ishirini na pembeni mara tano, akadhani kamaliza.

Mashine ya msasa ya kuzunguka ni nzuri, lakini ina tabia ya kuacha vipete vidogo vidogo kama mkia wa panya aliyejikunja. Vinatokana na haraka na kukandamiza. Iache mashine ijisukume kwa uzito wake, uitembeze polepole, na ukimaliza upige kwa mkono kufuata nyuzi za ubao kwa namba ileile uliyomalizia. Kamwe usikate nyuzi. Mkwaruzo unaofuata nyuzi hujificha ndani yake. Unaozikata huonekana hata na mgeni aliyesimama mlangoni.

Mtu akiwa na mbao kumi zitakazokaa pamoja, iwe sakafu, ukuta au meza, zote zimaliziwe namba moja, na msasa usiopishana sana umri. Kipande cha 180 kilichochakaa kinakata kama namba ya juu zaidi. Ubao uliopigwa nacho unakuwa mlaini na mgumu wa kunywa, na ubao wa jirani uliopigwa kipande kipya unakunywa zaidi. Mbao zilitoka gogo moja, zikarandwa siku moja, lakini zikipakwa utasema zimetoka miti miwili. Wala usipande hadi 400 kwenye ubao mbichi kwa kutafuta ulaini. Unaufunga ubao, vanishi inakaa juu bila kushika vizuri. Ulaini wa mwisho unaupata kati ya mikono ya vanishi, si kwenye ubao mtupu.

Weusi ule wa kwenye ncha alioutaja msomaji wenu ni kichwa cha ubao, pale msumeno ulipokata nyuzi. Ubao ni mirija iliyofungwa pamoja. Ubavuni mirija imelala. Kichwani imesimama wazi, inanyonya. Dawa yake ni kupiga msasa kichwa cha ubao namba moja au mbili juu ya ile uliyotumia kwenye uso, kisha kukitangulizia mkono mwepesi sana wa vanishi iliyopunguzwa kwa thina, kikinywe kishibe, kabla ya kupaka ubao mzima. Ukifanya hivyo, kichwa na uso vinatoka ndugu.

Msonobari una tatizo lake. Pete za msonobari zinapokezana, laini na ngumu, na hata katika ulaini ule kuna sehemu zinazonyonya kuliko nyingine bila dalili yoyote kwa jicho. Hapo mkono wa kwanza naupunguza nusu kwa nusu na thina. Unaingia, unaziba vinyweleo, unakauka, na mkono unaofuata unakuta ubao wote umeshiba kiasi kimoja. Au natumia shelaki. Shelaki naipenda mno. Inatokana na utomvu wa wadudu wadogo wanaoishi kwenye matawi ya miti huko India na Thailand. Huyeyushwa kwa alkoholi, na mkono mmoja mwembamba hukauka haraka kiasi kwamba unaweza kuupiga msasa baada ya muda mfupi. Karibu kila vanishi hushika juu yake, mradi ununue ile iliyoondolewa nta. Yenye nta inaikataa vanishi ya poliurethani.

Rangi ya asili ya ubao siwezi kuigusa, na wateja wengi hawaamini hilo. Ubao uliotoka katikati ya gogo na ule uliotoka karibu na gome haulingani rangi, na vanishi angavu itaongeza tofauti hiyo badala ya kuipunguza. Mahali pa kulimaliza ni kwenye kuchagua. Kabla ya kuunga, mbao zote zipanguswe tapentaini, zilazwe chini, zipangwe na kupanguliwa mpaka jicho litulie.

Sasa vanishi yenyewe, ambayo naifikia nikiwa nimeshatumia sehemu kubwa ya nafasi yenu, na hata kazini ndivyo ilivyo.

Ikiwa vanishi yako si ya kung'aa sana, yaani ile ya kung'aa nusu au ya kufifia, ndani yake mna unga mwepesi wa silika unaovunja mwanga. Unga huo ni mzito kuliko vanishi, huzama chini ya kopo. Niliwahi kuona mbao 14 za kufunika ukuta zilizopakwa na kijana mmoja mwenye mkono mzuri kuliko wengi. Alikuwa amekoroga juu juu. Mbao za kwanza ziling'aa kama kioo, za katikati zikatulia, za mwisho zikawa na ukungu kama zimepakwa chokaa. Kila ubao peke yake ulikuwa kazi safi. Zilipopandishwa ukutani kwa mpangilio, ukaona kopo lilivyokuwa linashuka. Koroga kwa kijiti bapa kinachofika chini, ukiparuza pembe za kopo, na rudia kila baada ya nusu saa. Usilitikise kopo, unaingiza mapovu, na mapovu hayo yatagandia kwenye ubao. Kazi ikihitaji makopo zaidi ya moja, yachanganye yote kwenye ndoo moja kabla ya kuanza. Na ukitaka mwisho wa kufifia lakini ubao uonekane wazi, piga mikono ya chini kwa vanishi ya kung'aa, ule wa mwisho tu ndio uwe wa kufifia. Mikono mitatu yenye unga inaweka pazia juu ya nyuzi.

Brashi: ya manyoya ya asili kwa vanishi ya mafuta, ya nyuzi za kiwandani kwa vanishi ya maji, kwa sababu manyoya ya asili hunyonya maji yakalegea. Ichovye theluthi moja tu. Usianzie kwenye ukingo, maana ukingo utakamua brashi na kuchuruzisha. Anza sentimita kumi ndani, vuta kuelekea ukingoni, kisha rudi vuta upande wa pili. Ukishasambaza ubao mzima, shika brashi iliyokaushwa kidogo, iinamishe, na kwa ncha zake tu pitisha mstari mmoja mrefu kutoka mwanzo wa ubao hadi mwisho bila kuinua mkono. Mstari wa pili uguse wa kwanza. Basi, ondoka.

Kuondoka ndiko kugumu. Unaona sehemu kama imepungua, mkono unawasha kurudi. Dakika chache baadaye vanishi imeanza kushika. Brashi inaivuta, inaacha mifereji ambayo haitajaa tena. Afadhali upungufu, utauziba mkono unaofuata. Na kwenye eneo kubwa kama sakafu, usipake kipande cha mraba ukasogea kipande kingine. Pale vanishi mbichi itakapopanda juu ya iliyoanza kukauka utapata mstari mara mbili ya unene, na utauona kila jua linapoingia. Chukua mbao mbili au tatu, uziende kutoka ukuta hadi ukuta, ukingo wako wenye majimaji uishie kwenye kiungo cha ubao na ubao. Kiungo kinaficha pale ulipokomea.

Kuhusu hali ya hewa nitasema machache. Usipake juani. Usipake ubao unaozidi kupata joto, kama ule uliotolewa kivulini ukawekwa mahali pa moto, kwa kuwa hewa iliyo ndani ya vinyweleo hutanuka na kupandisha mapovu kwenye vanishi mbichi. Ubao unaopoa hauna shida hiyo. Laka, ndugu ya vanishi inayokauka upesi, isipigwe siku ya unyevu mwingi: thina yake hupaa kwa kasi, huupoza uso, umande mwembamba hunasa humo na kazi yote inageuka nyeupe kama imepumuliwa.

Msaji una mafuta yake ya asili, na mafuta hayo huzuia vanishi ya mafuta kushika. Unaweza kusubiri wiki nzima na bado inanata. Ufute kwa asetoni, kitambaa kikichafuka badili, na ukishakauka upake siku hiyo hiyo kabla mafuta ya ndani hayajapanda tena.

Kati ya mkono na mkono naacha usiku mzima kucha na mchana wake, nikiwa na vanishi ya mafuta, ndipo napitisha msasa namba 320 kwa wepesi. Msasa wenyewe unakuambia. Ukitoa unga mweupe mkavu, endelea. Ukikusanya vidonge vinavyonata kwenye karatasi, haijakauka, funga mlango urudi kesho, hata kama mwenye kazi anakupigia simu kila saa. Vumbi lote lifutwe. Na dawa za kung'arisha samani zenye silikoni nawasihi sana zisikaribie chumba cha kupakia; tone dogo tu likigusa ubao, vanishi inaikimbia sehemu ile na kuacha vishimo vya mviringo, macho ya samaki tunavyoviita.

Kwa haki ya mshauri wenu, kuna hali moja ambayo mkono mwingine unasaidia. Mkono wa kwanza mara nyingi hutoka na sehemu zinazong'aa na zilizofifia, kwa kuwa penye kiu vanishi imezama yote. Hiyo ni kawaida, na mkono wa pili mwembamba unaisawazisha. Msomaji anaweza kutofautisha mwenyewe. Simama juu ya ubao uutazame wima, kisha inama uutazame kwa ubavu ukielekea mwanga. Baka linaloonekana kwa ubavu tu na kupotea ukilitazama wima ni la mng'ao, litaondoka kwa mkono mwembamba uliokorogwa vizuri. Baka linaloonekana wima limo kwenye ubao. Hilo halina mkono wa kuliponya. Vanishi itolewe kwa bati la kukwangua, ubao urudishwe kwenye 120, na chanzo kitafutwe.

Kuna jambo moja zaidi ambalo halihusu uzuri, na safu yenu haikuligusa. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani, au vanishi yenye mafuta hayo, visikunjwe vikatupwa kwenye pipa. Mafuta hayo yanapoungana na hewa hutoa joto, na ndani ya kitambaa kilichofinyangwa joto halina pa kutokea. Linapanda lenyewe mpaka kitambaa kinashika moto, bila kiberiti, bila cheche, usiku watu wamelala. Nimewahi kushika kitambaa cha namna hiyo saa tatu baada ya kukitupa, nikakiangusha kwa jinsi kilivyokuwa cha moto. Vitandazwe kimoja kimoja nje mpaka vikakamae, au vilowekwe kwenye kopo la maji lenye kifuniko. Hata kama hamtachapa kitu kingine katika barua hii, naomba aya hii muichape.

Ninachowaomba, Mhariri, ni marekebisho kwenye safu ileile, mahali palepale, ili waliosoma ushauri wa kwanza wauone na huu. Na mnapoandika habari za samani, waandikieni watu kwamba vanishi haipangwi jioni ya mwisho. Kazi inaletwa kwangu siku moja kabla ya kuchukuliwa, imeungwa kwa wiki mbili, na mimi napewa usiku mmoja. Meza ya kawaida nahitaji siku moja ya kukagua na kupiga msasa, na siku moja kwa kila mkono, mitatu kwa uchache. Baada ya hapo iachwe iwe ngumu kabla ya kuwekewa kitu kizito. Fundi anayeomba siku hizo hajivutii muda.

Ule uso wa meza nimeukwangua kwa siku mbili. Chini ya mikunjo nilikuta gundi iliyofutwa kwa maji pande zote mbili za viungo, na mikwaruzo ya msasa iliyokata nyuzi kuelekea kwenye ncha moja. Vyote vimetoka. Jana jioni nilipiga mkono wa kwanza, nusu vanishi nusu thina, na leo asubuhi nimeinama na taa nikaukagua ubao kwa ubao. Umeshiba sawasawa, isipokuwa karibu na kifundo kimoja, pale tawi lilipokuwa limeota, pana kivuli cha ukubwa wa kiganja. Nilimwita mwenye meza nikamwonyesha, nikamwambia hicho ni cha mti wenyewe, siwezi kukiondoa bila kukata ubao. Akakipapasa, akauliza kama kitazidi. Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi, fundi, kiache."

Kesho napiga wa pili.

Msomaji wenu,
Fundi wa vanishi